Kona, Hawaii: boti umelipia wewe, nduaro ni wa nani?

MtuWaKizingo: Jamani hebu niambieni kama nimeonewa. Tulienda Kona na shemeji yangu, tukakodi boti nusu siku, hela ya kuuma. Shemeji akanasa nduaro (marlin, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki), dude kweli, akamvuta mpaka mikono ikawa inatetemeka. Kufika bandarini nahodha anasema samaki ni wa boti, anakwenda sokoni, sisi tukapewa mnofu mfuko mmoja na picha. Eti ndo desturi ya Hawaii, mngeuliza kabla ya kupanda. Ni haki hiyo? Na si bora wangemwachia tu arudi baharini kama wanavyofanya kule Watamu?

Fundi_Ndoana: Desturi ipo, hujaibiwa. Na sheria iko upande wao, Marekani ilizuia kuuza nduaro na sulisuli mwaka 2012 ila Hawaii ikaachwa, 2018 ndo wakakaza kwamba wa Hawaii aliwe hukohuko visiwani, asisafirishwe kwenda bara.

dadaKo_Nyali: Kumbe hata huko watu wa bara wananyimwa samaki 😂

chumvi_kali: Mnagombania mnofu tu. Wale wakubwa wote ni majike! Dume kuzidi kilo 140 ni nadra. Rekodi ya dunia ya nduaro wa buluu wa Pasifiki ilitoka hapohapo Kona 1982, kilo 624, huyo ni mama, sasa ukiua mama unategemea nini. Lakini mtu katoka Nakuru huko hata kuogelea hajui, anataka picha ya kuweka status.

Wa_Naks: Nakuru imeingiaje hapa?? Aliyevua ni shemeji wa mtu wa Kizingo.

MtuWaKizingo: Shemeji ni wa Nakuru kusema kweli

Wa_Naks: Sawa, na ALIMVUTA. Nyinyi wa pwani mnadhani bahari mmeandikiwa na mababu. Mimi nimevua mbuta Ziwa Victoria, mnene kukuzidi wewe.

chumvi_kali: Mbuta akinasa anakuja kama gunia la mkaa. Nduaro anaruka, anazama, anamaliza mshipi wote kwenye rili, halafu wewe na mawimbi hayo unatapika.

Wa_Naks: Mawimbi gani? Pwani ya Kona imetulia, volkano za Mauna Loa na Hualalai zinakinga upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Mlima wa zaidi ya mita 4,000 umekaa nyuma yako, upepo upite wapi. Na huhitaji kwenda mbali, volkano imepanda moja kwa moja kutoka sakafu ya bahari kwa hiyo maili chache tu toka mawe meusi ya ufukweni uko kwenye kina cha nduaro. Hata uwanja wa ndege wameujenga juu ya lava ya 1801. Mtu wa bara kasoma, unaona?

Fundi_Ndoana: Hapo yuko sahihi, ndo maana boti za nusu siku zinalipa pale.

NahodhaMstaafu_Pemba: Wanangu salaam. Mie hili la kumwachia silielewi. Samaki umemtesa saa mbili, kachoka, damu inamtoka, unamtupa akaliwe na papa halafu unajiita una huruma. Ukimvua, mle.

chumvi_kali: Shikamoo mzee, wengine wanapona, wametiwa alama na wakaonekana tena mbali sana. Hamna anayejibu la majike lakini.

dadaKo_Nyali: Mzee kasema kweli. Nduaro wa kukausha na nazi nyie mnamrudisha baharini kwa nini

Wa_Naks: Nasubiri radhi ya Nakuru.

chumvi_kali: Utasubiri.

Fundi_Ndoana: MtuWaKizingo nikuulize, baharia wa kwenye sitaha mlimpa bakshishi? Kule watu hutoa asilimia 15 au 20 ya bei ya boti, yule ndo anaekata mnofu.

MtuWaKizingo: Shemeji alitoa dola 20.

Fundi_Ndoana: Kwa boti nzima?

MtuWaKizingo: Wagawane na nahodha.

dadaKo_Nyali: Basi mfuko mzima mlipendelewa, mimi ningewapa mkia

chumvi_kali: Wa_Naks njoo umchukue mtu wenu.

Wa_Naks: Kaoa Kizingo huyo, ubahili kaukuta ukweni.