Remoti haifungi milango, indiketa ya kushoto yapepesa mbio: naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, gari ni la mtumba kutoka Japani. Remoti huitika ikitaka. Asubuhi zenye umande ndiyo haifungi kabisa. Betri yake ya CR2032 ni mpya. Swichi ya mlango wa dereva yafunga milango yote vizuri, kwa hivyo mota sidhani zina kasoro.

Indiketa ya kushoto nayo yapepesa harakaharaka. Balbu ni nzima, za wati 21, si za LED. Nilipofungua taa ya nyuma nikakuta soketi imeshika kutu ya kijani, hii hewa ya chumvi tunaijua sisi wa pwani. Nikaisugua, ikatulia, kisha ikarudi vilevile.

Fundi ataka kubadilisha kompyuta nzima ya bodi, ile inayoongoza taa na kufuli za milango, bila kupima chochote! Mimi naona waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, ukaguliwe kwanza. Gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki Kilifi, na kukata kona usiku bila indiketa ya kuaminika kwanitia hofu.

Je, athi mbovu yaweza kuleta matatizo yote mawili? Nianze kupima wapi kwa mita?