Kidogo nibanwe na trela leo asubuhi, hivi dereva huwa hatuoni ama ni makusudi?

MamaVitz_Mikindani
Asalam aleikum wenyeji. Nina miezi minne tu barabarani na kigari changu Vitz, kila siku natoka Mikindani naenda tauni Mombasa, na nyote mwaijua ile barabara, ni trela mbele trela nyuma mpaka Makupa. Sasa leo saa moja na nusu hivi kulikuwa na trela mbele yangu imebeba kontena la futi 40, imewasha indiketa ya kushoto halafu ikaenda kulia. Mimi nikajua ashanipisha, nikaingia kushoto kwake. Kumbe yataka kuingia geti la yadi ya makontena! Nikaona kichwa chakata kushoto na zile tairi za nyuma zaja upande wangu polepole, vile mlango unavyofungwa. Nilipiga honi mpaka mkono ukauma, wapi. Nikapanda kwenye udongo, saidi mira ya kushoto ikagonga nguzo ya kibanda cha mama mmoja auza mahamri na mbaazi, sufuria nusura imwagike. Tanboi, yule utingo wa trela, akanitolea kichwa ati "mama wataka kufa halafu tufungwe sisi?"

Nimefika kazini magoti yatetemeka. Naomba kuelezwa na wanaojua, yule dereva hakuniona kweli? Gari nyekundu hivi?

MzeeWaTrela
Waleikum salam dada, pole sana na shukuru Mungu umepoteza kioo tu. Nimeendesha trela miaka 26, Mombasa Malaba Kampala, sasa niko nyumbani magoti yameisha. Hakukuona. Ungekuwa umepaka rangi ya moto asingekuona.

Kwanza kuhusu kwenda kulia. Trela haifuati kichwa, tairi za nyuma zakata njia ya ndani, sasa nikikata kushoto moja kwa moja nitapanda ukuta wa geti ama nimlalie mtu kwa miguu. Lazima nitanue kulia kwanza ndio mkia upate pa kupita. Ile nafasi uliyoiona tupu ni ya mkia, haijaachiwa mtu. Wengi mwaangalia gari lilikoenda, angalia indiketa dada.

Pili kebini iko juu na usukani uko kulia, mlango wa kushoto ni mbali na mimi, na gari kama lako paa lake liko chini ya dirisha. Kioo kipo ndio, lakini kichwa kikishakata kushoto kioo cha kushoto chanionyesha ubavu wa kontena basi. Niliwahi kusafiri na kijana wangu shule zimefungwa, tukawa kwenye foleni ya mzani Mariakani, akaniuliza swali hilihili lako. Nikamwambia shuka kasimame karibu na mlango wa kushoto na jerikeni la maji. Nikatazama huku na huku, simwoni. Nikamwambia lipandishe kichwani. Nikaona jerikeni la manjano laelea peke yake dirishani, mtoto mwenyewe simwoni na ashafika darasa la saba! Tulicheka siku ile lakini usiku sikulala vizuri, nilikuwa nafikiria ni wangapi nimewapita karibu hivyo.

Mbele pia usinijie karibu. Ukichomeka ukasimama chini ya pua yangu nikiwa kwenye foleni, naweza kuondoka na wewe nikidhani ni gia imekuwa nzito. Na ukiwa kando, tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake, usipouona ujue naye hakuoni, ama upite ama urudi nyuma, usikae hapo ubavuni mwendo sawa na yeye kama mnaenda harusini.

Ah na zile za Burundi na Kongo, huko waendesha upande wa kulia wa barabara kwa hiyo nyingi usukani uko kushoto. Hizo upofu wake mkubwa uko kulia, pale pale unapopita ukiovateki. Tazama namba ya gari kwanza.

TukTuk_Jomvu
Mzee asema kweli simpingi, lakini nasi tuelewane. Mwaniambia nisikae kushoto kwa trela, nikae wapi? Katikati matatu zanifukuza, kushoto ni trela, pembeni ni boda yuwaja mbele kwa mbele. Abiria nyuma apiga kelele dereva pita hapo pita hapo, akiona nafasi ya futi mbili aona ni haiwei.

Mimi ninachotazama ni tanboi. Ukiona ametoa mkono kushoto apiga ule mlango pa pa pa, hapo trela inakata, simama hata kama nyuma wakutusi. Shida trela nyingi siku hizi dereva yuko peke yake, tanboi hakuna, sasa mlango apige nani.

Jambo jengine, ukiteremka kutoka Mazeras na usikie harufu ya kuungua ama uone moshi kwenye tairi za trela, hapo breki zaungua, usikae mbele yake wala nyuma yake. Sogea pembeni hata unywe maji, uiache iende zake.

FundiBodi_Changamwe
Naongeza kwa upande wangu maana mabaki huja kwangu. Watu waogopa kugongwa na trela, wasahau kuigonga. Gari dogo likigonga gari dogo jenzake bampa linakutana na bampa, boneti lajikunja, bodi lameza nguvu na airbag inafunguka. Ukiigonga trela nyuma na lile bomba la chini la kuzuia gari lisiingie halipo ama limelegea, boneti lapita chini bila kugusa chochote na kinachogonga kwanza ni kioo cha mbele na paa. Nililetewa Probox ya hivyo, ikagonga trela iliyoharibika usiku maeneo ya Miritini haina taa, lifesaver, zile pembetatu za onyo, hazipo, wameweka matawi ya muarubaini tu. Injini ilikuwa nzima, ukitia ufunguo yawaka. Paa halikuwepo. Zaidi ya hapo sisemi.

Usiku ukiona majani barabarani punguza hapo hapo, usingoje kuona gari lenyewe.

Kisauni_Boy
Si tuliambiwa mizigo yote itapanda SGR, ile reli mpya, jamani? 😂 Treni ya mizigo imeanza 2018 na trela ndio kwanza zaongezeka

MzeeWaTrela
@Kisauni_Boy mwanangu ile amri ya 2019 ya kulazimisha makontena ya Nairobi kupanda reli ndiyo iliyofanya watu wa Mombasa waandamane, maana yadi zilikauka na vijana wakakosa kazi, mpaka 2022 serikali mpya ikairudisha kazi bandarini. Trela ndizo zinazolisha watu hapa, hata mama wa mahamri wateja wake ni akina tanboi. Hatuzifukuzi, tujifunze kukaa nazo.

Na nilisahau breki. Breki za trela ni za upepo, nikikanyaga upepo wasafiri kwenye mipira mpaka nyuma, kama nusu sekunde hivi kabla hazijashika. Mwendo wa 80 kwa saa hiyo ni mita 11 nimeenda bure, hapo bado uzito, na sheria ya mzani yaruhusu mpaka tani 56 kwa zile za akseli nyingi. Vitz ni kama tani moja. Sasa naacha nafasi mbele yangu, mtu achomeka, naacha nyingine, mwingine achomeka. Ile nafasi ndiyo breki yangu, mwanipokonya halafu mwasema dereva wa trela hana adabu. (Wengine hawana kweli, hilo sikatai, hasa wale watafunao miraa na wasiolala siku mbili.)

MamaVitz_Mikindani
Ahsanteni sana, Mzee Mungu akupe afya ya magoti. Nimerudi kuwaambia. Leo asubuhi nimekuta nyingine pale pale getini, indiketa kushoto, ikatanua kulia. Nikasimama nyuma kabisa, tuktuk nyuma yangu apiga honi kama bibi harusi amechelewa, nikamwonyesha kwa mkono angojee. Trela ikakata, na tairi za nyuma zikapita juu ya ile alama yangu ya jana kwenye udongo, juu yake kabisa. Nikanyamaza. Yule wa tuktuk naye akaacha honi.

Mama wa mahamri nimempitishia mia mbili za nguzo akakataa, akanipa mahamri manne. Kioo naambiwa 1,800, FundiBodi hiyo ni bei ama naibiwa?

FundiBodi_Changamwe
Waibiwa. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, na uje na hayo mahamri.