Amana za wanunuzi wa fleti: zifungiwe kwenye akaunti ya dhamana au zijenge moja kwa moja?

Mleta mada

Wadau, fleti nyingi Dar es Salaam na Nairobi zinauzwa zikiwa bado kwenye ramani. Mnunuzi anatanguliza amana ya asilimia 20 au 30 ya bei, na mwendelezaji, yaani mwenye mradi anayejenga na kuuza, anaipeleka saiti ile fedha ili akope kidogo benki, au asikope kabisa. Dubai walikataza hilo kwa Sheria namba 8 ya mwaka 2007: fedha ya mnunuzi inakaa akaunti ya dhamana ya mradi husika, ambayo mwendelezaji hawezi kuichota apendavyo, na jengo likikamilika asilimia 5 inashikiliwa hadi mwaka mmoja baada ya fleti kusajiliwa kwa majina ya wanunuzi. India, kwa sheria ya mwaka 2016, asilimia 70 ya makusanyo inatengwa na kutoka kadiri kazi inavyopanda.

Nasema na sisi tulazimishe hivyo, ujenzi ubebwe na mkopo wa benki. Anayelipia fleti ambayo hata msingi haujachimbwa anamkopesha mwendelezaji bila riba na bila dhamana. Benki ikikopesha mradi huohuo, kitu cha kwanza inashika hati ya kiwanja. Karibuni.

Mwendelezaji wa Kigamboni

Napinga. Chukua mfano wa mradi wa shilingi bilioni 10, fleti 40: kiwanja 1.5, jengo 7, wataalamu na vibali 0.7, riba 0.8. Benki haitoi yote. Tuseme inatoa asilimia 65, yaani bilioni 6.5, na inataka bilioni 3.5 zako zitangulie kuisha, kiwanja kikihesabiwa humo. Kwa riba ya asilimia 16 na ujenzi wa miezi 18, kwa kuwa mkopo unatoka kwa awamu na wastani wa deni ni kama nusu, riba ni takribani milioni 780. Hapo hakuna siku iliyopotea. Ukichelewa miezi 6 na mkopo wote umeshatoka, riba ni kama milioni 87 kwa mwezi, jumla milioni 520. Gawanya kwa fleti 40: milioni 13 juu ya kila mnunuzi. Amana haina gharama hiyo. Mkiifungia, bei itapanda na wajenzi wadogo watatoka sokoni.

Mkadiriaji majenzi

Ndugu yangu wa Kigamboni, hesabu yako ni sahihi, ila riba siyo inayosimamisha saiti. Saiti inasimama kwenye pengo kati ya kinachodaiwa na kinacholipwa, na pengo hilo lipo ukitumia mkopo, lipo ukitumia amana.

Tazama hati moja ya malipo. Mkandarasi analeta madai ya milioni 640. Ndani yake kuna milioni 120 za lifti na vigae ambavyo viko kwenye kontena bandarini. Mkadiriaji wa benki, anayepima kazi iliyofanyika na thamani yake, anavitoa, kwa sababu benki hailipii kitu ambacho hakijafika saiti. Kuna milioni 45 za zege la sakafu ya ghorofa ya nne. Akipanda juu anakuta mbao na nondo zimefungwa, zege halijamwagwa. Anatoa. Imebaki 475. Toa asilimia 10 inayozuiliwa kama fedha za matazamio, yaani za kurekebisha kasoro, 47.5. Toa asilimia 15 ya kurejesha malipo ya awali aliyopewa mkandarasi kabla ya kuanza kazi, kama 71. Mkandarasi aliyekwisha kumuahidi muuza saruji na nondo milioni 500 anapokea 356, tena wiki tatu baadaye. Muuza nondo anafunga mkono, mafundi wanahamia saiti nyingine, na mvua za masika zinakuta nondo zimeachwa wazi.

Mtasema benki ni katili. Mimi naona ukaguzi huo ndio unaomlinda mnunuzi. Kwenye mradi wa amana hakuna anayepanda ngazi kuhesabu. Fedha ya fleti za jengo A inamalizia jengo B, na hilo halionekani mpaka jengo A lisimame ghorofa ya tatu.

Wakili wa ardhi

Niongeze upande wa sheria. Wengi hawajui kwamba mradi mmoja unaweza kuwa na vyote viwili: amana zimekusanywa na hati iko rehani benki. Mwendelezaji akishindwa, benki inauza kiwanja na kilichojengwa juu yake na kujilipa kwanza. Mnunuzi mwenye mkataba tu anasubiri kitakachobaki.

Kabla ya kulipa amana, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi uone kama kuna rehani. Ikiwepo, dai barua ya benki inayosema kwamba fleti yako ikilipwa kiasi fulani itatolewa kwenye rehani peke yake, hata kama fleti 39 nyingine bado zina deni. Halafu sajili zuio dhidi ya hati, ili kiwanja kisihamishwe bila wewe kujua. Bila barua hiyo unaweza kumaliza kulipa na hati ya fleti yako isitoke.

Afisa mikopo

Mleta mada anaiona benki kama mkombozi. Mkopo nao unakwama. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa ya Morocco Square na 711 Kawe ilisimama kwa miaka kadhaa, na ikaendelea baada ya serikali kuliruhusu shirika kukopa tena. Hapo tatizo lilikuwa chanzo cha fedha kukatika katikati ya kazi.

Tena benki nyingi hazifungui awamu ya kwanza mpaka sehemu ya fleti iwe imeuzwa, maana mauzo ndiyo yanayorudisha mkopo. Kwa hiyo kuchagua amana au mkopo siyo swali lenyewe. Swali ni fedha ipi itoke lini, na kwa saini ya nani.

Mwendelezaji wa Kigamboni

Hilo la saini nalikubali. Nisichokubali ni kufungia yote. Uchunguzi wa udongo, michoro na vibali vinalipwa kabla ya tofali la kwanza. Ukiwa Upanga au Kariakoo ambako maji ya ardhini yako juu, nguzo za msingi pekee zinaweza kula akiba yote ya dharura.

Mkadiriaji majenzi

Basi hayo uyalipe kwa mtaji wako, kama benki inavyokudai. Mnunuzi asibebe hatari ya udongo ambao haujapimwa.

Pendekezo langu: asilimia 70 ifungwe, itoke kwa hatua tano: msingi, fremu, paa, mifumo ya maji na umeme, umaliziaji. Kila hatua ipimwe na mkadiriaji ambaye mwendelezaji hamchagui wala hamlipi mkononi. Ada yake ikatwe kwenye akaunti yenyewe na ripoti iende benki na kwa wanunuzi siku hiyohiyo. Malipo yatoke ndani ya siku 14, vinginevyo tutarudi kwenye lile pengo la 640 na 356. Lifti zilipiwe bila kusubiri zifike saiti, mradi muuzaji alete dhamana ya benki ya kurudisha fedha zisipofika.

Mleta mada

Mkadiriaji, siku 14 zikipita benki haijalipa, nani anabeba riba ya ucheleweshaji? Afisa mikopo, tunaomba jibu lako hapo.