Maji ya Ziwa Superior na maziwa ya Minnesota: watoto waogelee mwezi gani?

Baba Asha:
Salaam, ndugu zangu. Nimelelewa Mwanza, ambako maji ya Ziwa Victoria huwa na nyuzijoto kati ya 24 na 27 za Selsiasi karibu mwaka mzima, kwa hiyo hatukuwahi kuuliza kama ni mwezi wa kuogelea. Tuliuliza habari za mamba na kichocho tu. Sasa ni mwaka wa pili tangu tuhamie Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mwishoni mwa Mei, siku ambayo hewa ilifika nyuzijoto 29, tulikwenda Duluth nikajitosa katika Ziwa Superior mbele ya watoto. Pumzi ilikatika papo hapo na kifua kikabana, na ingawa maji yalinifika kiunoni tu, kwa muda nilishindwa hata kumwita mke wangu. Watoto wetu, wenye umri wa miaka 8 na 11, wanaomba turudi wakati wa likizo. Naomba wanaoyafahamu maziwa ya huku wanieleze: maji hupata joto lini, na kwa nini jua kali namna ile halikuyagusa?

Mkazi wa Duluth:
Pole sana, Baba Asha. Ninashukuru kwamba ulikuwa mahali ambapo miguu yako iligusa chini.

Ziwa Superior lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,000, kina cha wastani cha mita 147, na mahali penye kina kirefu kuliko pote hufika mita 406. Maji mengi kiasi hicho hupokea joto polepole mno. Zaidi ya hapo, maji yasiyo na chumvi yana tabia ambayo sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukupata nafasi ya kuiona: huwa mazito zaidi yanapofikia nyuzijoto 4. Barafu inapokwisha kuyeyuka, maji ya juu yako chini ya kiwango hicho, na kila jua linapoyapasha kidogo huwa mazito na kuzama, huku maji mengine baridi yakipanda kuchukua nafasi yake. Joto la Mei halikupotea, ndugu yangu; lilikuwa likizikwa kilindini. Ni pale maji yanapovuka nyuzijoto 4 ndipo tabaka la vuguvugu huanza kuelea juu ya maji mazito bila kuzama, na katikati ya ziwa hili jambo hilo aghalabu husubiri hadi mwisho wa Juni au Julai. Kilele cha joto hufika Agosti na mwanzoni mwa Septemba, wakati mchana umekwisha kuanza kufupika.

Hata Agosti, hata hivyo, tabaka hilo ni jembamba na upepo hulisogeza. Duluth iko kwenye ncha ya magharibi ya ziwa. Upepo wa magharibi, ambao hutoka nchi kavu na ndio huleta siku za joto kali ufukweni, husukuma maji vuguvugu kuelekea katikati ya ziwa, na maji baridi ya chini hupanda kujaza pengo. Mtu aliyeogelea kwa raha jana anaweza kukuta leo maji yasiyovumilika, ilhali jua limezidi. Upepo wa kaskazini-mashariki hufanya kinyume, kwa kuwa huyarundika maji vuguvugu upande wetu. Lakini upepo huohuo hupandisha mawimbi, na yanapovunjika kwenye mchanga wa Park Point, ufuko wetu wa hapa Duluth, maji yanayorudi hukusanyika na kuwa mkondo unaomvuta muogeleaji kuelekea kilindini. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wageni wanapaswa kulijua kuliko yote: siku ambayo maji yana joto zuri inaweza kuwa ndiyo siku ya hatari.

Mama Neema, muuguzi:
Ningependa kuongeza kuhusu ile pumzi iliyokatika. Watu wengi hudhani kwamba maji baridi huua kwa kuupoza mwili taratibu, lakini hatari ya kwanza ni mshtuko wa dakika ya mwanzo, ambapo mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka na kuhema haraka, na kama uso uko chini ya maji wakati huo, huvuta maji mapafuni. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha kanuni ya 1-10-1 kwa maji yaliyo karibu na kuganda: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Yaani hata muogeleaji hodari huishiwa nguvu za mikono mapema sana. Watoto hupoteza joto haraka kuliko sisi, kwa hiyo tafadhali wavike jaketi la kujiokolea, na mmoja wao akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe majini hata akilia.

Fundi wa Brooklyn Park:
Kaka, mbona usianze na maziwa madogo ya hapa mjini? Bde Maka Ska huganda kila majira ya baridi kama mengine, lakini kwa kuwa ni dogo, katika Julai maji yake ya juu huwa yanavumilika vizuri hata kwa mtoto. Jihadhari na mambo mawili. Mwishoni mwa kiangazi, maji yakionekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa, msiingie, kwa sababu huo ni mwani wa kijani-bluu, nao unaweza kutoa sumu. Pia ngozi inaweza kuwasha baada ya kuogelea kutokana na viluwiluwi vya minyoo ya ndege wa majini vinavyotoka kwenye konokono. Hao ni jamaa wa minyoo ya kichocho, ila hawa hufa ndani ya ngozi ya binadamu bila kuendelea. Wafute watoto kwa taulo mara tu wanapotoka.

Baba Asha:
Asanteni sana. Julai tutaogelea hapa Minneapolis, na Duluth tutakwenda katikati ya Agosti. Nitajuaje hali ya maji kabla ya kuendesha gari kilomita 250?

Mkazi wa Duluth:
Maabara ya NOAA (shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga) iliyoko Michigan hutoa kila siku ramani ya joto la uso wa Maziwa Makuu ya huku Amerika Kaskazini, Superior likiwemo, na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari za ufukweni. Soma vyote viwili asubuhi hiyohiyo, maana taarifa ya jana haitoshi hapa. Mkifika, tumbukiza kipimajoto mwenyewe kabla ya watoto kuvua viatu. Kikionyesha chini ya 15, wajenge nyumba za mchanga. Na wafundishe mapema kwamba mkondo ukimshika mtu asishindane nao: aelee, aite msaada, kisha aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke ndani yake.