Hati ya kukamata ya mwaka 2014: je, kesi ya kaka imeshakufa?

BintiNewala:
Habari zenu wana jukwaa. Mama yangu ni mgonjwa sana na anamlilia mwanawe, naombeni msaada.

Mwaka 2014 kaka alishtakiwa mahakama ya wilaya kwa kujeruhi. Ulikuwa ugomvi wa ghalani msimu wa korosho, mtu akavunjika mkono. Alipewa dhamana, akahudhuria mara mbili, ya tatu akavuka Ruvuma. Yuko Nampula, Msumbiji, hadi leo. Hati ya kumkamata ikatoka, na mjomba aliyemdhamini akauza korosho zake zote kulipa bondi.

Sasa shemeji kasoma mtandaoni kuwa kesi ya jinai ikipita miaka mitano inakufa, na hati inakufa nayo. Anamshauri kaka arudi kwa mtumbwi usiku. Ni kweli?

Mchauru:
Asithubutu. Jirani yangu alirudi baada ya miaka tisa, akachukuliwa msibani kwa baba yake, hata udongo hajatia.

WakiliKusini:
Pole dada. Shemeji yako amesoma sheria ya watu wengine. Marekani, sheria ya shirikisho inaweka miaka mitano kwa makosa mengi, lakini huo ni muda wa kufungua mashtaka. Na hata huko, aliyekimbia mkono wa sheria hahesabiwi muda huo. Kaka yako alishasomewa mashtaka.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua madai, haigusi jinai kabisa. Na hati ya kukamata haiozi: inaishi mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Iwe imekaa mwaka au miaka ishirini, askari akiwa nayo anakamata.

Lakini msikate tamaa, kwa sababu hujui jalada limeishia wapi. Huenda upande wa mashtaka uliliondoa shauri. Basi yuko huru kwa sasa, ingawa anaweza kushtakiwa upya. Huenda kesi iliendelea bila yeye akahukumiwa. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana itabidi aieleze mahakama kwa nini hakuwepo, na kutoroka si sababu nzuri. Nendeni masjala ya mahakama, panapotunzwa majalada, mkaulize kwanza.

BintiNewala:
Nimefungua sanduku la mama. Karatasi ya dhamana ipo, ina dole gumba la mjomba, ila namba ya kesi imeliwa na mende, zimebaki tarakimu mbili na mwaka.

WakiliKusini:
Inatosha. Mpe karani jina la mshtakiwa, kosa na mwaka, atafute kwenye rejesta. Kuuliza si kosa, wewe hukamatwi. Kama hati bado hai, kaka aje mwenyewe na wakili aombe ifutwe. Anayejisalimisha husikilizwa tofauti na anayeletwa na pingu. Dhamana mpya itakuwa ngumu, siwezi kukuficha. Kama wakili ni gharama, kuna msaada wa kisheria wa bure kwa Sheria ya mwaka 2017. Anzia kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria hapo halmashauri.

MamaSalma:
Na mjomba wenu mmemwomba radhi? Yeye ndiye aliyebeba mzigo.

BintiNewala:
Kaka amempigia leo asubuhi, wamelia wote wawili. Jumatatu mjomba ananipeleka masjala mwenyewe. Kaka anasubiri majibu Nampula, na akija atapita Daraja la Umoja, la mpakani Mtambaswala, mchana.