Shilingi 40 ya Kibaki: ni pesa au ni pambo? Konda kaikataa, supamaketi wameikataa, na sasa hata benki!

Wadau, niacheni nitoe hasira hapa kabla sijamtolea mtu asiyehusika nyumbani.

Baba yangu alituacha mwaka jana. Katika vitu alivyoniachia kulikuwa na mkebe wa Kimbo wenye sarafu 23 za shilingi 40. Zile za Rais Kibaki, zilizotolewa Desemba 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya Uhuru. Najua vijana wengi humu hawajawahi kuishika, kwa hivyo nieleze: ina rangi mbili kama mbao (sarafu ya shilingi 20), upande mmoja uso wa Kibaki, upande wa pili nembo ya taifa, na imeandikwa 40. Mzee akirudishiwa chenji dukani na moja ikiwemo, haikutoka tena. Ilienda mkebeni.

23 mara 40 ni 920. Si mali ya kugombania na ndugu, lakini kwangu hiyo ni unga, mafuta na sukari, na mwezi wenyewe ushafika kona. Nikasema mzee atanisamehe, nitazitumia. Pesa ni pesa.

Eti pesa ni pesa.

Alhamisi nilipanda matatu kutoka Kayole kwenda tao. Simu imezima, M-Pesa hakuna, nauli ni 80. Nikafurahi hata, kwa sababu 80 ni sarafu mbili kamili, hatudaiani chenji. Tumefika Jogoo Road konda ananyoosha mkono, nikamwekea mbili. Akazigeuza. Akaziinua juu kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni themanini."

"Nipee pesa mathe, wacha mchezo."

"Kijana, si imeandikwa arobaini hapo?"

"Hata mimi naweza andika."

Gari zima likacheka. Mimi, mama wa watoto watatu, nimegeuzwa mwizi wa nauli kwa pesa iliyotolewa na Benki Kuu ya Kenya. Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa chuo aliyekaa kando yangu. Alitoa soo (shilingi mia), akalipa nauli yangu, mbao ikarudi mfukoni mwake. Nikamlazimisha achukue zile sarafu zangu mbili. Alikubali moja tu, akaipiga picha, akaniambia, "Auntie, hii ni ya mwaka niliozaliwa." Hapo ndipo nilielewa shida ya konda pia: pengine 2003 na yeye alikuwa bado ananyonya.

Nikajiambia konda ni konda. Jioni nikaingia supamaketi. Dada wa kaunta akamwita msimamizi, msimamizi akaniambia kwa upole mwingi kwamba mashine yao haina hiyo sarafu. Mashine haina! Na hii ndiyo duka ambalo wakikosa shilingi tatu za chenji wanakupa peremende, nawe unatakiwa uziweke kwenye pochi ushukuru. Yaani peremende imekubalika kuwa pesa Nairobi hii, lakini arobaini ya serikali bado inachunguzwa.

Ijumaa nikaenda benki. Sitaitaja. Nimepanga foleni dakika arobaini (hata hiyo nimeihesabu), nikafika dirishani, nikamwaga mkebe, nikamwambia yule kijana nataka ziingie kwenye akaunti yangu. Akaokota moja, akamwonyesha mwenzake, wakatabasamu. "Mama, hizi ni za ukumbusho. Ziweke tu, au uwauzie wanaokusanya."

Nimeshindwa kulala kwa sababu ya neno hilo. Konda nimemsamehe, na mashine ya supamaketi sijui ilisomea wapi. Lakini mtu aliyevaa tai, anayelipwa kuhesabu pesa kutoka asubuhi hadi jioni, ananiambia pesa ya nchi hii nikaiuze?

Ikitaka kuondolewa, pesa huondolewa kwa tangazo. Noti za zamani za elfu moja tuliambiwa tarehe 1 Juni 2019, tukapewa hadi 30 Septemba, na kila mtu kuanzia tajiri wa Karen hadi mama mboga alijua siku ya mwisho. Sarafu mpya za wanyama zilipokuja Desemba 2018, twiga, kifaru, simba na ndovu, tuliambiwa za zamani zitaendelea kutumika. Tangazo la kuiua arobaini lilitoka lini? Anayelijua aliweke hapa.

Halafu tusichanganye mambo mawili. Kuna sarafu za ukumbusho zilizotengenezwa zizunguke mikononi mwa watu, na kuna zile za wakusanyaji, zinazouzwa ndani ya kiboksi cha mahameli. Hizo za pili zina hesabu nyingine kabisa. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500, Mzee Kenyatta alipotimiza miaka 75. Ile ya 500 ina uzito wa takriban gramu 38. Dhahabu ya kiasi hicho leo ni laki kadhaa, na 500 iliyoandikwa juu yake haikufikishi hata pakiti nne za unga. Ukiipeleka kwa muuza sukuma wiki, atakayekuzuia usilipe nayo ni daktari wa akili, si sheria. Au zile za ndovu zenye jina la Somalia, shilingi 100 ya wakia moja ya madini ya fedha, ambazo hutengenezwa Ujerumani. Nenda nayo Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi, ukanunue chai uone. Kwa wakusanyaji ina bei, lakini ni bei ya madini. Mia iliyoandikwa pale haina kazi.

Arobaini ya Kibaki si hiyo. Haina dhahabu wala fedha. Madini yake hayafiki thamani ya kitu chochote. Ukiiondolea ile 40 iliyoandikwa juu, ni kifuniko cha soda. Ndiyo maana nawaka: ikiwa si pesa, basi ni nini?

Sasa hapa wanasheria wa humu wanisikilize, maana nimesoma wikendi nzima. Sheria ya Benki Kuu, Sura ya 491, ndiyo inayofanya sarafu ziwe fedha halali. Lakini fedha halali haimaanishi kwamba kila mwenye duka lazima aichukue. Nakubali. Dukani bado hatujauziana: nimeleta sarafu, amekataa, unga umerudi kwenye rafu, kila mtu na njia yake. Fedha halali kazi yake kubwa ni kulipa deni. Haya, matatu hukusanya nauli saa ngapi? Ukishapanda, ukishakaa, mmeshafika Jogoo Road! Nimeshabebwa. Nina deni la themanini, na nimelilipa kwa pesa ya nchi. Na kibandani unakula kwanza, unalipa ukishashiba. Kwa hivyo supamaketi nawaachia, lakini konda alikosea, hata kama gari zima lilicheka.

Msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Uingereza, Royal Mint, kiwanda chao cha sarafu, ilianza kuuza sarafu za madini ya fedha za pauni 20 mwaka 2013, baadaye za 100 na za 50. Ulinunua ya pauni 100 kwa pauni 100. Watu wakazipeleka benki, benki zikakataa, kisha ikaelezwa kwamba ni halali ndiyo, lakini hazikukusudiwa kuzunguka. Kuna bwana mmoja huko Exeter alijaza mafuta ya kama pauni 60, akatoa sarafu ya pauni 100, wakamwitia polisi. Mwishowe polisi ndio waliomlipa yeye, pauni 5,000. Mafuta yalikuwa yashaingia kwenye tangi, mnaona? Deni kwanza, kama mimi na konda. Kasoro mimi sijalipwa chochote.

Na jirani zetu Uganda walipotimiza miaka 50 ya uhuru mwaka 2012 walitoa sarafu ya shilingi 1,000. Nimeipokea Busia kama chenji, nikanunulia ndizi. Hakuna aliyeiinua kwenye mwanga.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Anayesema Katiba ya 2010 ilikataza sura za watu, ni kweli, Kifungu cha 231. Lakini kilikataza kutoa pesa zenye sura. Ile kumi yenye sura ya Moi konda anaichukua bila kuuliza katiba inasemaje.

Wewe unayesema nizihifadhi zitapanda bei, nilishakutana na hiyo bei yenu. Kuna jamaa kwenye kundi la Facebook ameweka moja kwa elfu tatu. Nikamwandikia kwamba ninazo 22, anichukulie. Akajibu kwamba soko limejaa, atanipa mbao kwa kila moja. Yaani akiuza ni elfu tatu, akinunua ni nusu ya kilichoandikwa! Konda angalau hakunidanganya.

Na aliyeuliza kwa nini nisiziweke tu kama kumbukumbu ya baba: mzee aliziweka akiba. Akiba maana yake siku moja zitumike.

Zimebaki 22, yaani 880. Jumatatu asubuhi naenda Haile Selassie Avenue na mkebe wangu, mpaka kwa wenyewe waliozitoa, na nataka nione nani atatabasamu dirishani pale. Kama kuna mtu hapa aliwahi kuzibadilisha huko, aniambie niingilie mlango gani na nibebe nini zaidi ya kitambulisho. Na kama wewe ni konda wa laini ya Kayole na unasoma hapa, bado nazingoja hizo samahani zangu.