Wapendwa naomba ushauri, mtumishi anataka kiwanja chetu kiwe sadaka ya kujimaliza

MamaFaraja
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnivumilie naandika kwa simu. Mi naishi Gungu hapa Kigoma, nimeokoka siku nyingi, mume wangu ni mvuvi wa dagaa, boti yao inashushia Kibirizi. Kuna mtumishi alikuja akafungua huduma mtaani kwetu, mwanzo nilikuwa naenda maombi ya Jumatano tu huku naendelea kusali kanisani kwetu, sasa hivi nasali kwake moja kwa moja. Na ana upako jamani msije mkanibishia, alitabiri Ziwa Tanganyika litafungwa watu wasivue na kweli 2024 likafungwa. Sasa nina mapito yangu nikampelekea, akafunga akaomba, akasema Bwana amemwonyesha tuna kiwanja Mwandiga na kikitolewa sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa kile kikubwa ulicho nacho, mapito yanakwisha. Sipingi kutoa ila moyo hautulii. Mtumishi wa kweli anatambulikaje na wa uongo anatambulikaje? Mume wangu yuko ziwani usiku huu ndo nimepata nafasi ya kuandika. Naomba majibu ya kiroho, matusi hapana.

Mwana wa Kasulu
Usitoe. Nimemaliza.

Mmoravian wa Tabora
Dada mi nakujibu kwa jinsi tulivyolelewa sisi. Huku mchungaji anapangiwa kituo, anahamishwa, kiwanja ni cha kanisa wala si chake, sadaka wazee wanaihesabu na Jumapili inasomwa mbele ya watu. Sisemi wachungaji wetu ni malaika, tumeona mengi, ila yupo wa kuwauliza. Huyo wako nani anamuuliza? Ana wazee? Huduma yake imeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani? Muulize kwa heshima tu, uone atakavyokujibu.

Kijana Katubuka
Mi nauliza tu, kwa nini hawa watumishi hawajawahi kuonyeshwa kiwanja cha bondeni kinachojaa maji, kila siku wanaonyeshwa cha karibu na barabara hahaha

Nahodha Mstaafu
Hilo la ziwa niachieni mimi. Lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu, na haikuwa siri ya mbinguni, nchi zote nne zenye ziwa, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, zilishakubaliana lipumzike samaki wazaliane. Sisi tulikuwa tunalisikia redioni na pale mwaloni kabla hata tarehe haijafika. Mtu akitabiri jambo ambalo bwana samaki keshalitangaza, huo ni upako gani? Na ile miezi tuliisoma namba, mi nilirudi kulima mihogo na mgongo huu, dagaa bei ikapanda mpaka watu wakawa wananunua kwa kuhesabu kiganjani, wanangu walikula mboga za majani mpaka wakawa wananiangalia vibaya. Lakini lilipofunguliwa jamani, usiku wa kwanza nisingeweza kuusimulia hapa nikaumaliza.

Bi Mkubwa Ujiji
Mimi Muislamu naomba nichangie kwa adabu. Hata kwetu wapo, anajiita sheikh kumbe kazi yake kuangalia nyota. Alifika mmoja kwa dada yangu, kabla hajataja hela akamwambia haya mambo asimwambie mtu. Mwanangu ukisikia "usimwambie mtu" shika mkoba wako. Mumeo anajua habari za kiwanja?

MamaFaraja
Asanteni wote. Bi Mkubwa shikamoo, hakusema nimfiche mume wangu, alisema mume bado mchanga kiroho nisimbebeshe mzigo asiouweza.

Bi Mkubwa Ujiji
Marahaba mwanangu. Ni yale yale.

Mkristo Safi
Tatizo la kina mama wa siku hizi hamsomi Neno, mnakimbilia miujiza, keki za upako, maji ya upako, chumvi ya upako, ndo mana mnaliwa. Kaeni majumbani muwatii waume zenu.

Dada Stesheni
Mkristo Safi mjomba wangu mwanaume mzima na ndevu zake 2011 alipanda lori kutoka huku mpaka Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, usiwaseme wanawake peke yao. Foleni ya magari alisema hujawahi kuona, watu wanalala njiani. Alivyorudi mama akamwambia kikombe umekunywa sawa lakini dawa zako za sukari utameza mbele yangu kila asubuhi. Yupo mpaka leo analima.

Kijana Katubuka
Na kikombe kilikuwa mia tano tu, sio kiwanja

Dada wa Wodi
Samahanini wote mnaojibu. MamaFaraja, umesema "mapito" na hakuna hata mmoja aliyekuuliza mapito gani. Ni ndoa, ni madeni au ni ugonjwa?

MamaFaraja
Ni mambo ya familia tu dada yangu, mi nimeuliza kuhusu watumishi.

Dada wa Wodi
Ni ugonjwa. Wa nani?

MamaFaraja
Sawa. Ni mwanangu, yuko darasa la pili, anaanguka kifafa. Alikuwa anatumia dawa za hospitali ya Maweni. Mtumishi hakuniambia acha dawa, naomba mnielewe vizuri, alisema moyo hauwezi kusimama kwenye imani mbili, nichague. Nikachagua mwenyewe. Na ameanguka kidogo tu tangu hapo, mtumishi anasema ni pepo linatoka kwa hasira kwa sababu limeona kiwanja kinakuja madhabahuni. Mimi ndo mama yake, mimi ndo nakesha naye, msinihukumu.

Dada wa Wodi
Mama hakuna anayekuhukumu. Mi nafanya kazi wodini, nakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla degedege linaweza kuja likagoma kukata, na lile lisilokata linaua au linaharibu ubongo. Hiyo "ameanguka kidogo" ndo inanitisha. Kiwanja tutaongea baadae.

Mwinjilisti wa Kibondo
Mama Faraja, mimi ni Mpentekoste, naamini maombi na naamini Mungu anaponya, kwa hiyo usiniweke kundi la wanaobeza. Soma Marko 9. Yule baba alimleta mtoto anayeanguka motoni na majini, akamlilia Yesu hadharani watu wote wanaona. Yesu alimuuliza ameanza kuumwa lini, hakumuuliza ana kiwanja wapi. Na yule baba alikiri imani yake ina upungufu na mtoto bado akapona, hakuna mahali aliambiwa mtoto hajapona kwa sababu wewe umeshika imani mbili. Naamani naye mwenye ukoma aliposhuka Yordani akatoka mzima alitaka kulipa, Elisha akakataa, aliyemkimbilia kwa nyuma kuomba fedha na mavazi ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma ukahamia kwake. Halafu nenda 1 Wafalme 13, hapo ndo pa kukaa. Mtu wa Mungu aliambiwa na Mungu mwenyewe asile wala asinywe kule Betheli, nabii mzee akaja akamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, rudi ule. Biblia inasema alimdanganya. Alikuwa nabii kweli, ana mvi, ana jina la malaika mdomoni, na bado alikuwa anadanganya, na aliyemfuata akauawa na simba. Kwa hiyo usiniambie ana upako. Upako sijaubishia. Ninachouliza ni alichokwambia kinalingana na kile ambacho Mungu ameshakisema? Wakristo wa kwanza kabisa walikuwa na maandiko yao ya malezi yaitwayo Didake, yanasema nabii akisema katika roho nipe fedha msimsikilize, labda awe anaomba kwa ajili ya wengine wenye shida. Mambo haya hayajaanza Kigoma.

Mkristo Safi
Amina mtumishi.

Msaidizi wa Sheria
Karatasi ya mauziano ya kiwanja ina jina la nani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kiwanja nacho kama karatasi ni ya mumeo wewe huna cha kumpa mtu. Karatasi ziko wapi sasa hivi?

MamaFaraja
Zipo.

Msaidizi wa Sheria
Zipo wapi?

Nahodha Mstaafu
Subirini kwanza jamani. Huyu mama anasema mume yuko ziwani usiku huu anavua dagaa. Tokeni nje muangalie juu. Mbalamwezi imewaka unaweza kuokota sindano. Nani anavua dagaa kwa taa na mwezi mpevu? Boti zote ziko juu ya mchanga pale Kibirizi, vijana wanashona nyavu na kucheza bao. Huyu hana mume mvuvi.

Mwana wa Kasulu
Nilijua. Kesho utasikia naomba nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya Bugando.

Kijana Katubuka
Dah nahodha umemkamata

Dada Stesheni
Kuna uzi kama huu nilishausoma, ilikuwa Urambo na ilikuwa nyumba sio kiwanja. Watu wanatunga ili wawatukane walokole.

Mkristo Safi
Nafuta amina yangu.

Dada wa Wodi
Hata kama ametunga, yupo mama anayesoma hapa kimya ambaye hajatunga. Mi naendelea kujibu.

MamaFaraja
Sijamuomba mtu hata shilingi, someni kuanzia juu. Nahodha uko sahihi hayuko ziwani. Nilisema ziwani kwa sababu sikutaka kuanika ndoa yangu hapa. Yuko Kalinzi kwa kaka yake. Aliondoka alipofungua sanduku akakuta karatasi za kiwanja hazipo. Nilishampelekea mtumishi, akasema ziwekwe madhabahuni ziombewe kwanza, hajasema kama ameshachukua kiwanja. Mkitaka muamini, msipotaka basi. Mngekuwa mmemuona mwanangu anavyotoka povu msingecheka.

Nahodha Mstaafu
Basi yaishe mama. Kaka wa mumeo huko Kalinzi ni mtu mzima? Mpigie yeye kwanza, usianze na mumeo. Mwambie ukweli wote, mpaka dawa. Mwanaume anaweza kusamehe kiwanja, ila akija kusikia habari za dawa kwa mtu wa pembeni hapo sijui.

Mwinjilisti wa Kibondo
Karatasi usizifuate peke yako. Mchukue mumeo, shemeji na mzee mmoja wa kanisa lako la zamani, mkamuombe kwa heshima mchana kweupe. Akikataa mnapitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Na mchungaji wako wa zamani mtafute, hata kama mliachana vibaya.

MamaFaraja
Hatukuachana vibaya. Alikuja nyumbani kuniulizia, nikamwambia mtoto anitolee udhuru kwamba sipo.

Dada wa Wodi
Mama naomba unisikilize. Usianze kumpa vidonge vya zamani mwenyewe kwa kukadiria. Kesho asubuhi na mapema mpeleke Maweni na daftari lake la kliniki, uwaambie bila kuficha aliacha lini, wao watapanga aanze vipi, hawatakufukuza. Usiku huu akianguka mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Angalia saa. Dakika tano zikipita hajatulia, au akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, usisubiri asubuhi, gonga kwa jirani mwenye bodaboda.

MamaFaraja
Daftari ninalo. Nitaenda. Kiwanja sijaamua, siwezi kusema uongo. Ila mtumishi huwa anapiga simu saa kumi na moja alfajiri tuombe, akiuliza nitamwambiaje?

Bi Mkubwa Ujiji
Mwambie mtoto anapelekwa hospitali, na kama ni mtu wa dua aje apange foleni na wewe.